Mstari wa Mita Sita

Nimeombwa kuandika historia ya timu yetu ya wanaume ya mpira wa kikapu, miaka hamsini tangu ianzishwe. Ofisi ya michezo ilinipa ukurasa mzima wa maelekezo: makocha wapangwe kwa miaka yao, vikombe viwekwe mwanzoni, picha ya mkuu wa chuo isikosekane. Nimefanya kazi maktaba miaka ishirini na sita na najua vitabu vya namna hiyo vinaishia wapi. Vinapangwa rafu ya chini karibu na mlango, na vumbi linavisoma kabla ya watu. Kwa hiyo makocha nimewapa kurasa zao, mkuu wa chuo nimempa picha yake, na sura hii nampa fundi wetu wa sakafu, watake wasitake.

Fundi aliajiriwa kijana, kazi yake kutengeneza madawati. Baadaye akakabidhiwa ukumbi wa michezo mzima: sakafu ya mbao, nyavu, taa, mabenchi, na funguo kumi na moja alizozining'iniza kiunoni, ukawa unamsikia kabla hujamwona. Alikuwa na futi ya chuma, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kijumba chake, na futi hiyo ilikuwa na kilema. Siku moja mlango wa stoo uliibana, sentimita ishirini za mwanzo zikakatika. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alisema futi nzima ni ya watu wavivu wa hesabu, akaendelea nayo. Akitaka mita moja, anaegemeza ule mwisho uliokatika ukutani, anasoma mita moja na ishirini. "Ongeza ishirini," alijiambia kwa sauti, kila kipimo, kila siku, miaka tisa, mpaka mkono ukazoea kuongeza wenyewe bila kumwuliza mwenye kichwa. Wanafunzi wakamtania kwa jina hilo hilo. Ukiambiwa Fundi anakuja kufungua ukumbi baada ya dakika tano, wenzako wanacheka: ongeza ishirini.

Nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya karakana, aliishi na mkewe na mdogo wake wa mwisho. Fundi ndiye mzaliwa wa kwanza, huyo ndiye kitinda mimba, na kati yao kuna miaka ishirini na miwili. Wazazi walipofariki, kaka akawa baba. Mtoto alirefuka hadi Fundi akalazimika kung'oa ubao wa miguuni wa kitanda na kuunga kipande cha benchi la uwanjani. Alipopata nafasi ya kusoma hapa chuoni, Fundi alitembea wiki nzima akiwaambia watu habari hizo, hata waliokuwa wamekwisha kuzisikia mara tatu.

Sasa timu. Ilianza na wanafunzi tisa na pipa moja. Walikata ukingo wa pipa la mafuta, wakauchomelea kwenye nguzo nyuma ya jiko la chuo, na wapishi wakawa watazamaji wa kwanza. Kwenye sakafu ile ya saruji timu ilinyakua ubingwa wa vyuo mara mbili. Kisha ukumbi ukajengwa, tukavimba kichwa, na miaka ikapita mikono mitupu. Halafu, miaka kumi na tisa iliyopita, paa likavuja, mbao zikaumuka, ikabidi sakafu ipigwe msasa yote na kuchorwa upya. Msimu uliofuata mambo yakageuka. Nyumbani hatukushikika. Katika misimu kumi na tisa tulifungwa kwenye ukumbi wetu mara nne tu, na mojawapo taa zilizimika.

Ila tukitoka nje, aibu tupu. Vijana waliokuwa simba Ijumaa wanarudi Jumapili wamenyong'onyea hata kula hawataki. Fainali huchezwa kwenye ukumbi usio wa timu yoyote, na sisi tuliingia fainali mara tano tukafungwa zote tano, kwa pointi tatu, moja, mbili, nne, moja. Kumi na moja jumla. Timu nzima ya mpira imelia kwa pointi kumi na moja! Kila mtu alikuwa na sababu yake. Kocha mmoja alibadilisha rangi ya jezi. Wa pili aliwakataza kuongea ndani ya basi. Wa tatu alimleta mhadhiri wa saikolojia, akawafundisha kupumua, tukafungwa huku tukipumua vizuri sana.

Fainali ya pili kati ya hizo ndiyo iliyomvunja mdogo wake Fundi. Ni miaka kumi na minne sasa. Tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde nne zimebaki, anachezewa rafu, anapewa mitupo huru miwili. Kwa wasioujua mchezo: unasimama peke yako kwenye mstari, hakuna wa kukuzuia, unarusha. Nyumbani kijana huyu alikuwa akirusha huku akiongea na wasichana. Wa kwanza ukagonga chuma cha kikapu upande wa nyuma, ukatoka. Wa pili ukagonga pale pale, ukatoka. Toka siku hiyo jina lake likawa Chuma, hapa kwetu na vyuo vingine. Waliliimba mabwenini, wakaliandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba chake. Alimaliza masomo kwa shida, akafungua saluni ya kunyoa mtaa wa pili, na hakukanyaga tena ukumbini. Jina lilimfuata hadi kwenye kiti cha kunyolea. Wateja wake wengine hawajui kama ana jina jingine.

Mimi niliingia katika mambo haya kwa ajili ya hicho kitabu. Nilikuwa nimejifungia na madaftari ya mechi, yale mapana yanayoandikwa nani kafunga nini, na nikaanza kuhesabu mitupo huru kwa sababu tu nilichoka kusoma sifa za makocha. Nyumbani, katika kila mitupo mia, tuliingiza sabini na sita. Ugenini, hamsini na mmoja. Nikasema sawa, woga. Kisha nikahesabu wageni wakija kwetu: arobaini na nane. Hao nao waoga wote, vyuo vyote, miaka kumi na tisa? Nikahesabu miaka ya kabla ya hapo. Hakukuwa na tofauti yoyote ya maana.

Nilimfuata Fundi kwa nia njema kabisa, maana hakuna aliyetazama mechi nyingi kuliko yeye. Nilimkuta anapaka nta. Nikamsomea hesabu zangu, na kwa kujionyesha nikamalizia, "Wageni wakija kwetu mpira unawafia mbele ya chuma, haufiki. Sisi tukienda kwao unapitiliza. Wewe unaonaje, Fundi?"

Akaacha kupaka. "Miaka mingapi umesema?"

"Kumi na tisa."

"Tangu sakafu ichorwe."

"Tangu sakafu ichorwe, ndiyo."

Alikwenda stoo akarudi na futi mpya, nzima, ya njano, niliyokuwa sijawahi kumwona nayo. "Dada, nishikie hapo kwenye mstari wa nyuma," akasema. Nikapiga magoti nikashika. Akaivuta hadi kwenye mstari wa mitupo huru, akainama, akakaa hivyo hivyo ameinama. Kutoka mstari wa nyuma hadi pale inatakiwa mita tano na sentimita themanini. Nilisogea nikasoma mwenyewe. Mita sita kamili.

Alikaa chini sakafuni. "Hii futi walininunulia kazi ile," akasema. "Mkuu wa michezo alisema sakafu mpya haipimwi na futi mbovu. Mistari ya nje alama zake zilikuwepo, niliifuata tu. Hii miwili ndiyo nilipima. Nakumbuka nilifurahi ilivyokuja sita kamili. Nikaona namba nzuri. Mkono uliongeza ishirini, dada. Uliongeza ishirini kwenye futi nzima."

Nataka nieleweke hapa. Fundi alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchongwa kwenye kibao cha shaba cha kuwekwa mlangoni mwa ukumbi: mtunza sakafu kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikiona kibao chenyewe ofisini. Na timu yetu ilikuwa imeingia fainali ya sita, siku ishirini na mbili mbele. Akinyamaza, anastaafu na heshima yake, vijana wanakwenda kugonga chuma kama kaka zao. Akisema, hao kaka zao wote watajua ni nani. Na mmoja wao alikua kwenye kitanda alichokiunga yeye.

"Mimi sitasema," nikamwambia, na nilikuwa na hasira bila kujua namkasirikia nani. "Lakini kwenye kitabu siandiki uongo."

"Nani kakwambia uandike uongo?" akajibu, naye kwa ukali. Akajipangusa magoti. "Twende kwa kinyozi."

Sikutaka kwenda, nikaenda. Saluni ina viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na redio isiyozimwa. Mdogo mtu alikuwa na mteja, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Fundi hakuzunguka mbuyu. Alisimama mlangoni na ile futi ya njano mkononi, akaeleza yote, futi iliyokatika, futi mpya, mita sita, akamaliza kwa kusema, "Hukukosa wewe. Nilikosa mimi."

Mashine iliendelea kunguruma hewani. Mteja ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Chuma, mbona unaniacha nusu?"

"Nyamaza kidogo," kinyozi akasema. Akazima mashine, akazima na redio. "Kaka, mimi nilijifunza kurusha pale. Nilikuwa na miaka kumi na nane, rangi haijakauka vizuri. Ulinifungulia alfajiri nirushe mitupo mia mbili kabla ya darasa."

"Najua."

"Mia mbili, kila siku! Ulikuwa unanihesabia!"

"Najua, mdogo wangu."

"Miaka kumi na minne nimeamini nina moyo wa kuku." Akageukia ukuta, mabega yakawa yanamcheza, na kwa muda sote tulikuwa tunaangalia chini, pamoja na yule mteja mwenye kichwa nusu. Aliporudi kutugeukia macho yalikuwa mekundu. "Kocha anajua?"

"Nimeanza na wewe."

"Basi unasubiri nini hapa? Fainali lini?" Akawasha mashine. "Nenda kamwambie. Na mimi usinitafute kwa sasa, kaka. Nitakuja nikija."

Kocha wetu ni mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Fundi alimwambia mbele ya timu nzima, katikati ya mazoezi, kofia mkononi. Kocha aliomba futi, akapima upande huu, akapima upande ule, akarudisha. Nilidhani atalipuka. Akasema, "Mzee wangu, nimewaita hawa waoga miaka sita. Mimi nitaomba radhi ya kwangu baadaye. Wewe ya kwako umeshaomba. Rangi inakauka muda gani?"

"Siku mbili."

"Chora leo."

Akachora. Safari hii nilishika mwisho wa futi, nahodha akasoma namba, kocha akasoma namba, na mpishi mmoja aliyekuwa anapita naye akaitwa asome. Tano themanini, wakasema wote watatu. Fundi aliusugua mstari wa zamani kwa msasa ukatoka, lakini mbao ilikuwa imekunywa rangi miaka kumi na tisa. Ukiinama kwenye mwanga wa dirishani, ulibaki unauona, umepauka, shibiri moja nyuma ya mpya.

Siku mbili za kwanza baada ya rangi kukauka zilikuwa za kukata tamaa. Mipira yote ilipitiliza. Vijana walirusha, chuma kikalia ukumbi mzima, mpaka nikawa nakisikia maktaba. Kocha alitaka mitupo mia tatu kwa kila mchezaji kwa siku. Fundi alikaa kwenye benchi tangu wa kwanza hadi wa mwisho, akihesabu kwa sauti kama alivyomhesabia mdogo wake. Kufikia siku ya tano chuma kilianza kunyamaza. Kufikia ya kumi na mbili nahodha aliingiza arobaini na moja mfululizo, na wa arobaini na mbili aliukosa kwa sababu wenzake walimrukia.

Fainali ilikuwa saa tisa alasiri. Tulikwenda mabasi mawili, mimi nimekaa na Fundi, na kiti cha tatu alikiwekea koti lake. Hakuna aliyekuja kukikalia. Wapinzani walikuwa mabingwa wa miaka miwili, warefu hadi ukiwatazama shingo inauma. Walituongoza robo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini kila walipotuchezea rafu, vijana walisimama kwenye mstari na kuingiza, wakasimama na kuingiza. Kocha wao alikuwa ametuzoea. Nilimwona anawaashiria wachezaji wake wachezee rafu tu, hao jamaa mitupo hawaijui. Robo ya nne akaacha kuashiria.

Sekunde sita. Tuko nyuma kwa pointi moja. Nahodha akaangushwa chini ya kikapu, filimbi ikalia, mitupo miwili. Nasema kweli, nilitaka kuondoka. Pointi ile ile, mitupo ile ile. Upande wa wapinzani wakaanza kuimba neno moja, wakipiga miguu: "Chuma! Chuma! Chuma!" Miaka kumi na minne, na bado walikuwa wanalo.

Fundi hakumtazama nahodha. Alitazama mstari, midomo inamcheza. "Tano themanini," alikuwa anasema. "Tano themanini, mwanangu. Tano themanini."

Wa kwanza uliingia bila kugusa chochote. Wavu tu ukatikisika. Wale waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti. Nahodha akadundisha mpira mara tatu, akapumua, labda kama alivyofundisha yule mhadhiri, akarusha. Wavu. Sekunde sita walizobaki nazo walikimbia kama vichaa, mpira wao wa mwisho ukapiga ubao, na kengele ikalia tukiwa mbele kwa pointi moja. Bingwa! Mimi, mtu wa maktaba, ninayewafukuza watu kwa kunong'ona, nilipiga kelele nikakauka koo siku tatu. Kocha alilia hadharani. Nahodha alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi letu, akambeba Fundi begani na funguo zake zote kumi na moja zikilia.

Kesho yake mchana ukumbi wetu ulijaa hadi madirishani. Kikombe kiliwekwa mezani, mkuu wa chuo akahutubia, akatia chumvi ya kutosha. Kisha kibao cha shaba kikaletwa. Fundi akaomba kipaza sauti. Nilijua atafanya hivyo. Akasimulia watu wote, wakiwemo wachezaji wa zamani waliokuja na watoto wao, jinsi alivyochora mita sita. "Kwenye zile fainali tano," akasema, "mliokosa, mlirusha sawasawa. Kipimo ndicho kilikuwa kibaya, na kipimo kilikuwa changu." Wazee wale wenye vitambi wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, akaishia kujifuta machozi. Halafu wakapiga makofi, wakasimama, hawakukaa.

Hapo katikati ya makofi ndipo mlango wa nyuma ulifunguliwa. Kinyozi aliingia amevaa aproni yake, nywele za wateja bado mabegani. Watu wakampisha bila kuambiwa. Alinyoosha mikono kwa nahodha, nahodha akampa mpira, naye akaenda kusimama kwenye mstari mpya.

Akadundisha. Akarusha. Mpira ukagonga chuma, upande wa nyuma, pale pale pa miaka kumi na minne iliyopita.

Kinyozi akatikisa kichwa polepole. Kisha akainama, akaweka kiganja sakafuni, akapapasa mbao mpaka akauona ule mstari uliopauka. Akasogea nyuma shibiri moja, akapanga vidole vya miguu juu yake, na hakuchukua hata muda wa kulenga. Wavu ukatikisika. Ukumbi ulilipuka, watoto wa wale wazee wakaruka juu ya mabenchi, lakini yeye hakugeuka. Alibaki amesimama pale pale, mkono bado uko juu.

Fundi alikuwa ameshafika chini ya kikapu. Aliuokota mpira, akamrushia mdogo wake kifuani, kwa nguvu, kama alfajiri zile.

"Mmoja," akahesabu. "Bado mmoja."

Nao ukaingia.